Amri Iliyofungua Ziwa

Katika biro moja, yaani ofisi, ya usafirishaji karibu na bandari ya Kalemie, kompyuta ya Huguette ilijifunga kila alipoinuka, na mkuu wake, Papa Jean-Baptiste, hakuweza kukumbuka neno la siri hata kwa saa moja. Wakamwita Steve, fundi. Steve akaandika amri fupi mbili, akaziweka kwenye kioo cha kompyuta: FUNGA na FUNGUA. Ukibonyeza ya kwanza, kompyuta inadai neno la siri. Ukibonyeza ya pili, haidai tena.

Ila umeme ulikuwa unakatikakatika siku hiyo. Steve akaharakisha, na katika amri ya kufungua akasahau kutaja kitu kinachofunguliwa.

Huguette akabonyeza. Kioo kikafunguka. Kufuli la depo likadondoka, na mbele ya gati ziwa likafunguka mpaka chini, maji yakasimama huku na huku kama kuta zilizopigwa lipu.

"Imefungua na vya inje," alisema Steve, akikunja waya zake. "Nitarudi kuitengeneza." Hakurudi.

Huguette akavua viatu, akateremka. Chini kulikuwa na boti la kwenda Moba, lile ambalo Papa Jean-Baptiste aliliruhusu liondoke limejaa watu na mifuko ya saruji, likazama. Abiria walikuwa wamekaa vilevile walivyopangwa. Christophe, mume wake, alikuwa ubavuni mwa boti, mfuko wa saruji mapajani. Shati alilompigia pasi bado lilikuwa na mistari yake iliyonyooka. Huguette akamgusa shavu, likawa na joto. Hakujua kwamba maji yanaweza kumtunza mtu hivyo.

"Mama Viviane," Christophe akamwita kwa jina la binti yao. "Habari ya batoto?"

"Wazima. Simama, twende nyumbani."

"Nitasimama wapi? Nafasi haiko."

Huguette akajaribu kuuvuta mfuko. Chini yake kulikuwa na mguu wa mama mwingine, na juu ya mguu huo mfuko mwingine. Huwezi kumtoa mmoja bila kuwatoa wote.

"Mama Huguette, kuya ufunge!" Papa Jean-Baptiste aliita kutoka gatini, ambako boti la siku hiyo lilikuwa limekwama kwenye tope. "Bato inataka maji."

Huguette akapanda, akabonyeza FUNGA, na maji yakakutana tena. Ikawa mazoea. Kila mchana Huguette alifungua, na familia za abiria zikateremka na bukari, ugali wa kwao, na ndagala, dagaa wa ziwani. Waliongea kwa sauti ya chini, kama kanisani. Papa Jean-Baptiste naye aliteremka siku moja, akawasalimia abiria kwa heshima, mmoja mmoja, kisha akapanda kwenda kusimamia upakiaji.

Mchana mmoja Huguette akawakuta wanabanana. Christophe alikuwa amekunja magoti hadi kifuani, na pembeni yake pameachwa mahali patupu.

"Munafanya nini?"

"Tunasogea. Bato ya leo wameijaza sana."

Huguette akatazama juu. Gatini walikuwa wanampandisha mama mwenye mtoto mgongoni botini, juu ya mifuko.

"Mama Huguette, kuya ufunge!"

"Siji!" akapiga kelele, akakaa kwenye ile nafasi.

"Haizuru," Papa Jean-Baptiste akajibu kwa upole. "Ni kubonyeza tu." Akaingia biro.

Christophe akamsukuma mkewe kwa bega, maana mikono haikuwa na pa kupita. "Panda, Mama Viviane. Nafasi hii haiko yako."

Akapanda mbio hadi gatini, maji yakimfuata visiginoni. Boti likaondoka. Mama mwenye mtoto akampungia mkono, na Huguette, nguo imelowa hadi magotini, akampungia pia.