Kabureta ya Mwalimu Josiah

Jumatano moja ya Agosti 1994, saa tatu asubuhi, Selpha alitandika gunia uani kwake Mundika, akainua boneti ya pikapu yake ya Pijo na kuanza kuifungua mwenyewe. Alikuwa na spana nne, petroli kwenye kopo, na hasira.

Aliyemkasirisha ni Ojakol, fundi wake wa mjini Busia. Miaka mitano pesa ya mkono wake, yaani ya ufundi, ilikuwa ikishinda bei ya spea yenyewe. Juzi pikapu ilipokataa kuwaka, alitaja bei ya kufungua injini na kutazama tu, kabla hajagusa kitu. "Mama, mkono mtupu haulambwi," akamwambia huku akicheka. Selpha akaona huu sasa ni wizi wa mchana, pikapu ikavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Ijumaa ilikuwa lazima afike Budalang'i kubeba omena za kupeleka Malaba. Asipofika, wavuvi walikuwa na mnunuzi mwingine tayari, na kazi yake ingeishia hapo.

Usidhani alikuwa mjinga. Busia nzima ilijua kwamba gari haliachwi na fundi peke yao. Unakaa kwenye kigoda, unachunga mikono yake, usije ukabadilishiwa kitu. Selpha alikaa kigodani miaka hiyo yote, macho kodo. Ila saa nne ikifika, Ojakol hufuta mikono na kusema, "Mama, hebu nenda ukunywe chai kwanza, hapa bado." Chai ilikuwa ng'ambo ya barabara kwa Edinah, na mandazi ya Edinah, jamani, ukionja moja unasahau ulikotoka. Kwamba Edinah ni mke wa Ojakol, kila mtu alijua. Hakuna aliyeona neno.

Selpha akatoa kabureta, akaiosha, akaianika guniani. Ilipokauka ikajitingisha, ikashuka, ikashika njia.

"Wewe, unaenda wapi?" akaiuliza.

Ikazidi kwenda. Akaifuata hadi barabarani, akaiona ikingoja lori lipite, ikavuka, ikaingia kwa jirani yake Mwalimu Josiah, aliyekuwa akiongeza maji kwenye Pijo yake. Kabureta ikapanda juu ya injini ikakaa. Iliyokuwemo ikalegeza nati zake, ikashuka kwa heshima na kuelekea Bumala.

Mwalimu akavaa miwani. "Hii ni yangu. Niliichora jina kwa msumari."

"Mimi nimekaa nayo miaka mitatu. Pole, mwalimu."

"Si neno. Naona umeitunza."

Kufikia jioni njia zote zilikuwa na spea zinazorudi kwao. Wauza ndizi waliziambia zipite pembeni zisikanyagwe. Polisi mmoja alisimamisha rejeta kizuizini, akaona haina mifuko, akaiachilia. Dainamo iliyotoka Uganda ilipanga foleni mpakani nyuma ya akina mama wenye vikapu, ikangoja zamu yake.

Alhamisi, spea za Selpha mwenyewe zikaanza kupiga hodi. Ikaja stata yake, ikaja dainamo, na saa nane ikaja kabureta yake halisi, yenye tone la rangi nyekundu ya lango lake, imejaa vumbi la Bumala. Selpha akaikumbatia, machozi yakamtoka. Lakini spea zile kujifungua ziliweza, kujifunga haziwezi. Akazifunga mwenyewe, nati kwa nati. Plagi alizikosea mara mbili. Saa kumi na moja injini ikakohoa, ikashika. Alipiga vigelegele peke yake uani na kucheza mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani.

Ijumaa mchana, omena zimejaa nyuma, alipita mjini akielekea Malaba. Kwa Ojakol magari yalikuwa yamepangana hadi barabarani, na kila mwenye gari amekaa kwenye kigoda, spea zake mapajani. Mwalimu Josiah alikuwa wa kwanza. Gari lake lilikuwa limevutwa na ng'ombe.

Selpha akapunguza mwendo. "Mwalimu! Ni nati nne tu! Njoo jioni nikuonyeshe, spana ninazo!"

"Asante, dada, lakini nina shati jeupe."

"Na utalipa mkono?"

"Nitalipa. Ila safari hii siondoki hapa," mwalimu akasema, akaishika kabureta yake kwa mikono miwili.

Ojakol akatoka chini ya gari, akampungia Selpha spana. "Mama, gari inalia vizuri! Nani alikutengenezea?"

"Mimi!"

"Si unaona! Hongera!" akasema, na ilionekana amefurahi kweli.

Harufu ya mandazi ikavuka barabara. Selpha akameza mate, akakanyaga mafuta. Kwenye kioo akamwona Ojakol akifuta mikono na kumwinamia mwalimu sikioni. Mwalimu akatazama saa yake. Kisha akainuka, akaiweka kabureta kwenye kigoda ili ichunge gari, akavuka kwenda kwa Edinah.