Nishani ya Bi Mwanamkasi

Mimi Himyar, muuza vitambaa wa Ngamiani, nina wazimu mmoja: nishani za shaba za ukumbusho. Mke wangu Zeyana huziita vifuniko vya chupa. Mwaka hamsini na sita nilikuwa nimebakiza moja tu ya kutafuta, ile waliyopewa wasimamizi wachache enzi za Mdachi reli ilipofunguliwa. Nyingi zilikwisha kuyeyushwa zikawa vikuku. Ndipo rafiki yangu Hatibu akaniambia ameiona Mkwaja, kwa Bi Mwanamkasi, mjane wa Shehe bin Mwinyijuma. Nyeusi kwa uzee, akasema, na kila herufi ipo.

Weusi ule ndio mali yenyewe. Sisi wakusanyaji hatuugusi hata kwa kitambaa.

Ningeondoka siku ile ile, lakini nyumba ya mjane haivamiwi. Nikamtuma Hatibu atangulize salamu kwamba nakuja kuitazama nishani ya marehemu. Adabu yangu ndiyo iliyoniponza.

Nilifika nimejaa vumbi la lori. Bi Mwanamkasi alikuwa ametandika mkeka mpya na kukaanga samaki. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniletea nishani juu ya sinia. Ilikuwa inang'aa kuliko sinia lenyewe.

Alinieleza kwa furaha kwamba tangu apate salamu zangu hakupumzika. Ameisugua kwa ukwaju, majivu na mchanga, kama masinia ya harusi, maana mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Picha ya gari moshi iliyochongwa mbele imebaki kivuli tu. Nyuma, palipochongwa jina la mumewe, pamekuwa laini kama kijiko. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Hatibu, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe.

"Ichukue, mwanangu, sitaki kitu," akasema. "Ila kwanza nisomee jina la bwana wangu. Mie nilisoma chuoni, Kurani tu, herufi za Kizungu sizijui. Alikuwa akinisomea mwenyewe. Tangu afe sijapata wa kunisomea."

Nikaigeuza kwenye mwanga. Hapakuwa na herufi hata moja.

"Shehe bin Mwinyijuma," nikasoma taratibu, kidole kikipita juu ya shaba tupu.

Akaniomba nirudie, nikarudia. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nikamrudishia nishani yake mkononi, nikamsihi asiisugue tena.

Akanishangaa. Akasema ataisugua kila Idi, maana sasa ndio jina limetokeza vizuri.