Chumvi ya Mwalimu

Kila adhuhuri Mwalimu mstaafu aliingia kantini ya mtaa, ya chakula cha bure, na mkoba wake kwapani, kama mtu anayepita njia tu.

"Nimekuja kuonja chumvi," husema.

Mpishi, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, humpakulia sahani nzima ya wali na maharage. Mwalimu huimaliza amesimama kando ya jiko, kisha hutoa hukumu: "Haijakolea. Mnapika kama watu wa wodini." Hapo Shangazi huongeza chumvi, ndipo wengine wapakuliwe.

Mezani hakuwahi kukaa. Meza ni ya wenye shida, aliwaambia majirani. Jiko lake mwenyewe lilikuwa halijawashwa tangu Jumapili.

Siku hiyo alichelewa makusudi, asije akaonekana ana njaa. Alipofika mlangoni alisikia sauti ya fundi bomba.

"Shangazi, nimeacha bomba la watu linavuja. Tia chumvi tule."

"Msubiri Mwalimu."

"Kwani ulimi wako umekufa ganzi?"

"Mzima kabisa. Lakini nikiikoleza mimi, yeye atakula kwa kisingizio gani?"

Fundi alishusha sauti. "Basi tusubiri. Ila akichelewa zaidi, nitatafuna hiki kijiko."

Mwalimu aliganda. Ndani, watu zaidi ya ishirini walikuwa kwenye foleni na sahani tupu, dobi bado ana povu viwikoni. Wote walijua. Miezi mitatu walikuwa wakimngoja, naye akiwasimanga. Uso ulimwaka moto. Aligeuka aondoke, lakini harufu ya maharage ikamrudisha.

Aliingia, akachukua sahani, akasimama mwisho wa foleni, nyuma ya dobi. Foleni haikusogea.

"Mwalimu," Shangazi alimwita taratibu kutoka jikoni, "njoo utuambie chumvi."

Mwalimu aliitazama sahani yake.

"Chumvi siijui, mwanangu. Nina njaa."

Hakuna aliyegeuka kumwangalia. Shangazi alitia chumvi, akakoroga, na foleni ikaanza kwenda.

Zamu yake ilipopita, fundi bomba aliondoa mfuko wake wa spana kwenye benchi. Mwalimu akakaa. Hakuweza kuinua macho. Fundi akamsogezea jagi la maji.

"Kula, Mwalimu," alisema. "Leo wodini wamejitahidi."

Dobi alicheka puani. Mwalimu aliinamisha uso zaidi, akala.