Sauti ya Gita la Baba Mdogo Righa

Niliota, usiku wa jana, kwamba amplifaya yangu ya gita imekaa kwenye kochi la Shangazi Mkamburi, inakunywa chai.

Sikushangaa. Nilikuwa na shida kubwa zaidi. Masikio ya shangazi yanazidi kufifia, na kabla hayajaziba kabisa anataka kusikia tena gita la roki la kaka yake, marehemu Baba mdogo Righa. Kanda pekee aliyorekodi ilitafunwa na redio. Miezi minne sasa naitafuta sauti ile, na kila nikipiga shangazi anatikisa kichwa: "Siyo, Mghendi."

"Sauti yako ni safi mno," amplifaya ikasema. "Roki inataka uchafu."

"Nifanyeje?"

"Ichafue."

Nikapiga uzi mmoja. Sauti ikatoka kama shuka jeupe. Nikaiburuta barabara nzima ya Voi hadi ikawa nyekundu kwa vumbi.

"Sasa haina joto," ikasema amplifaya, ambayo ilikuwa imenifuata kwa miguu.

Ghafla tuko jikoni. Naitia sauti kwenye sufuria. Inachemka, inanguruma. Taa ndogo za ndani ya amplifaya zimetoka nje, zimepanga mstari.

"Usikoroge," zinasema kwa pamoja.

Sikorogi. Naonja. Inakaribia, lakini siyo.

"Righa alifungua sauti hadi kumi," amplifaya ikaniambia. "Wewe hujawahi kuvuka sita. Unaogopa majirani."

"Kumi iko wapi?"

Ikanionyesha mlima wenye ngazi kumi, kila ngazi ndefu kuliko nyumba. Nikapanda. Kwenye saba upepo ukanivua viatu. Kwenye tisa nikawakuta majirani wote wameketi, wameziba masikio kwa mito.

"Samahanini, napita."

"Hatujakuruhusu," wakasema.

"Najua," nikasema, nikapita.

Kileleni alisimama Baba mdogo Righa, amevaa koti la buluu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unapigia nini?"

Nikamwonyesha kijiplastiki changu cha kupigia nyuzi. Akakitupa bondeni. Kisha akang'oa kifungo cha shaba kwenye koti lake, chenye picha ya nanga, akakikandamiza kiganjani mwangu.

"Usikiachie. Piga kama unamwita mtu anayeondoka."

Nikapiga. Mlima ukapasuka katikati, na huko chini kabisa nikamsikia shangazi akifoka: "Righa! Punguza!"

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda. Gita lilikuwa ukutani, na shangazi alikuwa ameniletea uji. Ngumi yangu ya kulia ilikuwa imefumbwa, inauma. Nikaifungua. Haikuwa na kitu, ila kwenye ngozi palibaki alama ya duara, na nanga ndogo katikati.

Shangazi akaweka kikombe chini. Akanishika mkono, akautazama kwa muda mrefu.

"Kifungo cha koti lake," akasema. "Tulimzika nalo."

Nikashuka kitandani kutafuta kipande cha shaba cha kupigia gita.