Nywele Fupi za Mke wa Katembo

Dawa ya kulainisha nywele inataka dakika kumi na tano tu, na Simone aliijua tangu ujana wake. Lakini Jumanne ile, alipokuwa amekwisha kujipaka kichwa kizima, bomba la uani likakauka. Alizunguka nyumba tatu za mtaa wao wa Kabondo akitafuta ndoo ya maji huku kichwa kinawaka moto. Alipopata kujisuuza, nywele za juu ya sikio la kuume zilibaki kwenye taulo. Nyingine zilikatika kila alipozigusa, kama nyuzi za gunia la zamani.

Siku tatu alishinda na kitambaa, hata jikoni, hata kitandani. Kilichobaki kilikuwa kukata tu, na shida ilikuwa hapo. Katika ukoo wa bwana wake, Katembo, mwanamke aliyeolewa anatolewa nywele siku moja tu, siku anapomzika bwana. Na Katembo alikuwa njiani na lori la maharagwe kutoka Butembo, siku ya nane sasa. Mama yake, Mama Kyakimwa, aliyekaa nao, alisali rozari kila asubuhi macho yakiwa barabarani. Mke akate nywele wakati bwana yuko njiani? Kwa mama mkwe huyo ingekuwa kumwitia mwanawe kifo.

Ijumaa Simone alishindwa kuvumilia. Alisema anaenda sokoni, akapanda toleka, baiskeli ile ya kubeba watu, mpaka mtaa wa Tshopo kwa Germaine, msusi wa asili ya Yanonge.

Germaine alimvua kitambaa, akatazama.

"Yaya, dada yangu, nywele ulizipika?"

"Karibu. Kata tu. Lakini nisifanane mujane, nakuomba. Mama mukwe atanifukuza."

"Mujane wanamunyoa na wembe mpaka ngozi. Mimi niko na makasi. Bon, geukia mwangaza."

Alizisukuma nywele zote nyuma kwa viganja viwili, akaushika uso wa Simone kidevuni, akaugeuza huku na huku. Akapima kwa mpini wa kitana, kutoka paji mpaka kidevu, kisha shavu kwa shavu.

"Uso yako iko murefu, na paji ni pana. Nikisimamisha nywele juu, utakuwa kama muti ya kutwangia majani ya sombe. Nikitoa zote pembeni, vilevile. Donc juu naacha vidole viwili, nazilaza mbele, zifunike paji kidogo. Pembeni naacha kiasi, uso upate upana. Lakini shingo tunaifungua kabisa. Shingo nzuri hivi, unaificha bure!"

"Na hii kiwanja ya mupira juu ya sikio?"

"Njia tunaipasua kushoto, nywele zinalala kuume. Nani ataiona?"

Akauvuta unywele mmoja, akamwonyesha. Ncha ilikuwa imenyooka na kufa, lakini karibu na ngozi, ambako dawa haikufika, ulijikunja wenyewe, mweusi, wenye nguvu.

"Ona zako za kweli. Za mbele ni laini, za nyuma ngumu. Acha kupigana nazo."

Makasi yalikuwa yamefika nusu ya kichwa pazia la mlango lilipofunguka. Mama Kyakimwa aliingia akihema, sandali moja mkononi. Jirani yao Odile, aliyekuwa anapita Tshopo, alikuwa amemwona Simone anaingia saloni, akapiga mbio kumwambia mama. Mama alitazama nywele zilizolala chini. Hakufoka.

"Mama Elisée," alisema, akimwita kwa jina la mjukuu, "amekufa saa ngapi? Nani alikupigia, na mimi munanificha?"

Simone alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa sauti hiyo. Alipiga magoti palepale juu ya nywele zake.

"Mama, hapana! Hakuna mutu amekufa! Ni dawa iliniunguza, ona hapa!"

Mama hakusikia. Alikuwa ameanza kufungua kilemba chake, kama mfiwa. Simone akapiga simu ya Katembo. Haikupita. Akapiga tena. Mara ya tatu bwana wake akapokea.

"Allô?"

"Katembo!" mama yake akainyakua simu. "Ongea tena!"

"Niongee nini, mama? Tuko Bafwasende, tunabadilisha pneu ya lori. Mimi nakula samaki."

"Kula, mwanangu. Kula sana."

Akaketi kwenye benchi, akicheka na kupangusa macho kwa pindo la kitenge. Kisha akamtazama mkwewe, upande mmoja wa nywele mrefu, mwingine mfupi.

"Alors, wewe musichana ya makasi, mbona umesimama? Utamuacha hivi, kama mbuzi imeponyoka mu moto? Na mbele usikate sana, hiyo paji ni kubwa."

"Ndiyo nilimwambia, mama."

Germaine alimaliza, akapaka mafuta, akaviringisha mizunguko midogo kwa ncha za vidole. Katika kioo Simone aliona mashavu yake yamejaa na macho yamejitokeza. Alipitisha mkono nyuma ya shingo. Hewa ilikuwa inapita. Pumzi aliyoishika tangu Jumanne ikamtoka yote.

Alipokishika kitambaa, mama akamzuia, akamfungulia mfuko.

"Tia mu saki. Ukifunika, watasema tunaficha kilio."

Walirudi kwa toleka mbili, bega kwa bega, Simone kichwa wazi. Huko Kabondo, Odile alikuwa amekwisha kutoa mabenchi ya kilio nje, na wanawake wameketi. Mmoja alipoona kichwa cha Simone akaanza kupiga yowe. Mama Kyakimwa alishuka kabla baiskeli haijasimama.

"Munalia nani? Mwanangu anakula samaki Bafwasende!"

Akamshika mkwewe kidevu, akaugeuza uso wake huku na huku.

"Angalieni muzuri. Mulishaona mujane anapendeza hivi?"

Yule wa yowe alipangusa pua, akasogea karibu, akamwomba Simone ageuke kidogo aone na nyuma.