Chipu ya Kusikiliza Kimya

Kwenye kampuni yetu hapa Austin, chipu ya kielektroniki haiendi kiwandani mpaka wahandisi wakuu wote wakae meza moja na kila mmoja aseme kwa kinywa chake: "Iende." Akikataa mmoja, imekwama. Mimi, Graciela Treviño, Chela kwa wenzangu, ndiye msimamizi wa matumizi ya umeme ya chipu, na asubuhi ile nilikuwa nimeshakataa moyoni kabla sijavuta kiti.

Chipu yenyewe ilikuwa ya vifaa vya kusikia. Doug Hanley, mkubwa wetu, alishawaahidi wateja kwamba betri itadumu siku nzima. Kwenye majaribio yake ilidumu kweli, maana aliipima kwa sauti ya chumba kisicho na mtu. Penye kimya prosesa, yaani ubongo wa chipu, hulala, na iliyolala haili umeme. Mimi nikaipima kwa kelele nilizorekodi kwa mama siku ya chakula cha Jumapili: sahani, wajukuu, mpira kwenye televisheni. Betri ingemzimikia mtu akiwa bado mezani.

"Umeme?" Doug aliita zamu yangu.

"Haiendi."

"Chela, usituharibie siku. Kila kampuni inapima hivyohivyo."

"Kwani nani anavaa kifaa cha kusikia ili asikilize kimya?"

Mtu alicheka puani. Doug akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Nipe wiki sita niigawe prosesa," nikasema. "Pakiwa na kelele, kiamke kipande kinachohitajika tu."

"Wiki sita hatuna. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na asiyesikia kabisa, bosi? Huyo ndiye tunayemtengenezea."

Tuna desturi nyingine: kila mhandisi mkuu, na hata msaidizi wake, huficha mchoro wake pembeni mwa chipu, mdogo kuliko chembe ya vumbi. Wangu ni jogoo, na yumo katika kila chipu niliyowahi kuisimamia. Doug alijua pa kunichoma.

"Basi jogoo wake afutwe. Wendell, kuanzia sasa umeme ni wako."

Iliniuma, nisiseme uongo. Lakini mimi mwenyewe nilimsukumia Doug kompyuta. "Futa! Jogoo wangu hawiki juu ya uongo."

Wendell, msaidizi wangu, nilimfundisha kazi mimi, na kiti changu alikuwa akikitamani siku nyingi, wala hafichi.

"Umeme?" Doug akauliza tena, safari hii akimtazama yeye.

Wendell alijikuna ndevu. "Chela, hizo kelele za kwa mama yako, si ilikuwa sikukuu?"

"Sikukuu wapi? Ndivyo tulivyo kila Jumapili."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Haiendi. Na kobe wangu mfute pia."

Doug alizungusha macho meza nzima akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Loretta wa saketi za sauti, aliyekuwa wa kwanza kusema iende, alinyoosha mkono.

"Samahani, Doug. Naomba uniulize upya."