Mwasmini wa Tamima

Mwaka ule baridi ya Nizwa ilikuja na ubaya wake. Ilianza na mvua ya mawe alasiri moja, mawe makubwa kama kunazi, yakavunja vioo vya magari na kupukutisha miti ya mtaa mzima. Halafu ukashuka upepo kutoka Jabali, mkavu, wa kupasua midomo, ukakaa wiki baada ya wiki kama mgeni asiye haya. Mipapai ilikufa imesimama. Rehani ziliungua zikawa nyeusi. Na mwasmini wa uani kwa Bi Fawziya, ule uliokuwa ukinukia mpaka barabarani, ukabaki vijiti vitupu.

Bi Fawziya hakuwa mtu wa kulia ovyo. Aliondoka Unguja kigoli na sanduku moja, akaja kuanza maisha Oman, akazika mume, akazika na binti. Lakini asubuhi ile alipotoka uani na kikombe chake akauona mti ule, alikaa kitako barazani na chai ikampolea mkononi.

Mti ule aliupanda binti yake, Tamima, kabla ya maradhi yaliyomchukua. Na Tamima, akiwa kitandani, alimwomba mama yake jambo moja tu: "Mama, Hiba akiolewa, kikuba chake kitoke kwenye mwasmini wangu." Bi Fawziya akamjibu, "Inshallah, mwanangu." Hiba, binti wa Tamima, wakati ule hata skuli hajaanza. Leo Hiba ni mwalimu, kaposwa na Muadh, kijana wa hapo hapo Nizwa, na harusi imewekwa mfungo mosi, Ramadhani ikishapita.

Na kikuba, kwa asiyekijua, ni kifungu cha asmini na rehani, hufungwa kwa uzi akabandikwa bibi harusi kifuani, aingie kwa mumewe ananukia. Kule Unguja hilo si la kuulizana. Nizwa, nani akijue?

"Mama, ng'oa hivyo vijiti," alisema Hamdun, mwanawe mkubwa, akiupimapima ua kwa macho. "Nilete mafundi watie vigae, tuweke hema la wanawake."

"Bibi, mti wako umekufa," Hiba naye akasema, kwa upole. "Tutaagiza maua Maskati. Mazuri, yanakuja kwa ndege."

"Kwa ndege! Hata mimi nilikuja kwa ndege, na nilivyoteremka hakuna aliyenisifu harufu."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinama, akalikwaruza shina kwa ukucha wa dole gumba, gamba likatoka.

"Hebu njoo uangalie. Rangi gani hiyo?"

"Kijani," alisema Hiba.

"Maiti ana kijani? Basi nondokeeni hapa."

Hamdun, alipoona mama hang'oi, alimshauri nailoni; akaufunika mti, na ilikuwa kosa. Jua la mchana lilikipika hata kile kidogo kilichosalia, na nailoni ilipoondolewa ncha zote zilikuwa zimelainika kama mboga. Alimtukana Hamdun, akajitukana na nafsi yake. Kisha akachukua kisu cha jikoni na kuukata mti wote, mpaka ukamfika magotini.

"Sasa umeumaliza mwenyewe," alisema Hamdun.

"Ukiumwa jino si hung'olewa? Mbona wewe u hai?"

Akafungua sanduku, akatoa kanga ya Tamima, ile nyekundu yenye maneno *Japo sipati, tamaa sikati*, akauvisha mti kila jua likizama na kuuvua kila likichomoza. Majirani walisikia. Wanawake wakawa wanachungulia mlangoni: huyu bibi Mzanzibari kauvisha mti nguo! Acha waseme. Kila asubuhi alibeba ndoo mpaka kwenye falaji, mfereji uletao maji kutoka chini ya ardhi, kwa sababu baridi ikizidi maji yale hutoka na uvuguvugu. Magoti yakimuuma, akiyatukana na hayo.

Hiba alimfuata siku moja, akamwona kaegemea ukuta, ndoo chini, anahema.

"Shikamoo, Bibi. Nipe ndoo."

"Marahaba. Sikupi. Ahadi niliitoa mimi."

"Lakini kikuba ni changu! Na mimi nakwambia sikitaki ikiwa utajiua kwa ajili yake. Mama amekufa, Bibi. Hata uso wake siukumbuki vizuri."

Maneno yale yalimkata Bi Fawziya kuliko upepo wa Jabali. Alinyanyua ndoo yake akaenda zake.

Ramadhani ikaingia, baridi ikaanza kulegea. Jioni moja, watu wanangoja adhana, Bi Fawziya aliona chunusi ya kijani kwenye shina. Kesho yake zikawa nyingi. Akapiga kelele mpaka Hamdun akatoka mbio akidhani mama kaanguka. "Hii nini?" alimuuliza. "Hii nini, bwana vigae?" Hamdun akakuna kichwa, na habari ya vigae ikafa siku ile.

Majani yakaja. Rehani alizozipanda upya zikaja. Na siku ya kuamkia harusi, mwasmini ulikuwa na matumba meupe, machache, wallahi machache, ya kutosha kikuba kimoja bila ya ziada. Asmini haichumwi mapema. Huchumwa alasiri ya siku yenyewe, ingali imefumba, ije ifumbuke juu ya aliyeivaa. Kwa hiyo Bi Fawziya aliyaacha matumba yake mtini, akakaa kiti mbele yake kama askari.

Ndipo alipofika Rawiya, mama yake Muadh, kuangalia kama kila kitu kiko tayari.

Nyumba ile ilikuwa na desturi: mgeni wa kike haondoki bila ya ua. Uchumba ulipoanza, kabla ya baridi, kila Rawiya akija, Bi Fawziya alimjaza asmini viganja viwili. Sasa Rawiya wa watu, anaaga, akapita uani, akayaona matumba, akamwita mama mdogo kwa Kiarabu, "Mashallah, khalti, yamerudi!" Akanyoosha mkono achume, kama alivyozoea.

Bi Fawziya akaudaka mkono ule hewani.

"Si leo, Umm Muadh."

Akauachia hapo hapo, lakini maji yalikwisha mwagika. Rawiya alijifunga shela yake, akaaga kwa adabu ya baridi, akaondoka mikono mitupu.

"Bibi!" Hiba alikuwa karibu kulia. "Mama mkwe wangu! Kwa maua!"

Bi Fawziya alirudi kitini pake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Katika maisha yake hajapata kumnyima mgeni. Lakini lau Rawiya angerudi saa ile na kunyoosha mkono tena, angeudaka tena.

Alasiri ya harusi alichuma. Vidole vyake, vilivyokakamaa, vilifunga uzi, vikafungua, vikafunga tena. Magharibi, wanawake wakiwa wamejaa chumbani, alimbandika Hiba kikuba kifuani. Matumba yalikuwa yanaanza kufumbuka.

Hiba aliinamisha kichwa, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Bibi," alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa ananukia. Alikuwa akiniinamia kunifunika shuka. Bibi, namkumbuka."

Bi Fawziya alimshika mabega.

Rawiya alikuwa mlangoni, kasimama wima, bado na jana yake usoni. "Haya ndiyo maua niliyonyimwa?" aliuliza.

Hiba alimgeukia, akamjibu kwa Kiarabu, machozi yanamharibia wanja. "Khalti, bibi hakukunyima maua. Huyu ni mama yangu. Mti ni wake, na bibi alimlinda baridi nzima ili aje harusini kwangu."

Rawiya alimtazama Bi Fawziya, akamtazama Hiba, akaja akainama na kunusa kikuba, polepole, bila ya kukigusa.

"Karibu, mama yake Hiba," alisema. Kisha akamgeukia Bi Fawziya. "Khalti, ua silitaki. Nikatie kijiti. Binti anahamia kwangu, na mama yake akapandwe kwangu."

Bi Fawziya alitoka uani na kisu cha jikoni, na nguo yake ya hariri, na dhahabu zake zote. Aliinama kwenye mti ule aliougombania, akachagua tawi zuri kuliko yote, akalikata. Kisha akaianua kanga ya Tamima pale ilipokuwa imeanikwa, akalifunga tawi ndani yake.

"Baridi ikija, lifunike kwa hii," alimwambia Rawiya. "Na mtu akikushauri nailoni, mfukuze, hata akiwa mwanao."